Siku Bwana Kesho Alipomaliza Kazi

Mkono wa kulia wa Bwana Kesho bado uko mgongoni, msomaji wangu, palepale tulipouacha juma lililopita. Unapapasa. Wa kushoto umeng'ang'ania usukani, baiskeli inashuka mlima kwa kasi ya kumtoa mtu machozi, mdomoni ana yai la kuchemsha ambalo halijamenywa, na mkono ule unautafuta mfuko wa fulana ambao jana ulikuwepo na leo haupo.

Haupo vipi, alijiuliza moyoni, maana yai halikumruhusu kujiuliza kwa sauti.

Mfuko ulikuwepo. Ulikuwa umefungwa kwa uzi, kuanzia pembe hii hadi pembe ile.

Kwa aliyeanza kusoma leo, nitampasha haraka kabla mtu wetu hajaanguka. Bwana Kesho ni fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ukimuuliza nguo yako iko wapi atakwambia njoo kesho, na kesho ukija atakwambia vilevile kwa tabasamu jipya. Dukani kwake kuna suti za mkono mmoja. Nyumbani kwake kuna ukuta wa jiko uliofika kiunoni ukakoma. Mkewe mwenyewe ana gauni lake pale dukani, lilikatwa wakati kifungua mimba wao anatambaa, na siku hizi mtoto huyo ananyoa ndevu.

Mtu huyo ndiye aliyejiandikisha mbio za baiskeli za siku tano, mbio za watu wa ridhaa wenye kazi zao na vitambi vyao. Aliwaaga wateja akiwaambia watafute mahali pa kuweka kombe. Kufikia jioni ya siku ya tatu alikuwa wa pili kutoka mwisho, na aliyekuwa nyuma yake alikuwa na homa.

Mkewe hakutaka kombe. Alimwekea sharti moja tu, tena mbele ya ndugu. Amalize. Aingie mjini kwao siku ya tano akiwa juu ya baiskeli yake, avuke mstari kwa miguu yake mwenyewe, ili naye apate kumwona mumewe akimaliza kitu kabla hawajazeeka. Akirudishwa na lori la kuokota walioshindwa, baiskeli ile inayoning'inia juu ya kitanda chao itoke chumbani jioni hiyohiyo, na atapewa kaka yake.

Kaka yake huyo, msomaji, ndiye dereva wa lori lenyewe.

Haya, turudi mlimani. Bwana Kesho aliupapasa tena ule mshono kwa ncha za vidole. Ulikuwa mshono mzuri mno. Mdogo, wa kujificha, umebana sawasawa. Kuna fundi mmoja tu kwenye mbio hizi aliyeweza kushona hivyo, na Bwana Kesho alimfahamu tangu kuzaliwa.

Jana jioni mwamuzi mkuu, mama mmoja mwenye filimbi shingoni na uso usiopokea salamu ovyo, alikuja kwenye darasa walilolala wapanda baiskeli akawasema. Namba zao za mgongoni zilikuwa zinapepea kwa sababu ya pini mbovu, na kesho namba yoyote itakayopepea mwenyewe ataongezewa muda. Watu wakaanza kugombania pini. Bwana Kesho akatoa sindano yake, akaketi juu ya godoro, akasema kwa utulivu, "Leteni."

Wakaleta. Mwokaji mikate aliyelala godoro la jirani alikuwa wa kwanza. Hata fundi umeme, kinara wa mbio, ambaye Bwana Kesho alikuwa hajathubutu kumsalimia, alimletea fulana yake kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto. Alikataa mtu mmoja tu. Nesi wa kiume, aliyekuwa nafasi ya pili, alisema kwa adabu kwamba yeye atabaki na pini zake. Huyo ana suruali kwa Bwana Kesho. Aliileta ipunguzwe kwa ajili ya harusi yake, akaishia kuoa kwa suruali ya kuazima.

Basi Bwana Kesho alishona. Na jambo ambalo halijapata kutokea likatokea: alimaliza. Alimaliza zote, kabla ya muda, bila kukumbushwa na mtu. Darasa zima lilimpigia makofi, na alilala akiwa amevimba kichwa hata mto haukumtosha.

Ubaya ulikuwa kwenye furaha yenyewe. Fundi anayejua kazi, akimaliza koti jipya, huifunga mifuko kwa uzi ili isilegee kabla ya kuvaliwa, na mteja huja kuifumua mwenyewe nyumbani. Ni hatua ya mwisho kabisa ya kazi. Bwana Kesho alifundishwa hivyo ujanani, lakini hatua hiyo ni nadra kuifikia. Jana aliifikia, akanogewa, na mkono ukafanya ulichofundishwa. Alifunga kila mfuko wa kila fulana.

Asubuhi hakuna aliyetia kitu mfukoni. Katika mbio hizi chakula hutolewa katikati ya safari, juu ya mlima. Unanyakua kimkoba cha mkate, mayai na ndizi huku unakwenda, unahamishia vitu kwenye mifuko ya mgongoni, kimkoba unakitupa hapohapo kisije kikaingia kwenye tairi. Kisha unaanza mteremko, na mteremko huo hauna huruma na mtu aliyeachia usukani.

Bwana Kesho akainua macho. Mbele yake, hadi kwenye kona, kulikuwa na migongo, na juu ya migongo hiyo namba zimelala nyoofu kama zimepigwa pasi. Kwenye kila mgongo kulikuwa na mkono unaopapasa.

Yai la kwanza lilianguka kwenye kundi la mbele. Likafuatiwa na ndizi, kisha mkate, kisha vyote kwa pamoja. Mtu mmoja alifunga breki kuokoa chakula chake, wa nyuma yake akamgonga, na baada ya hapo ilikuwa patashika nguo kuchanika. Hakuna aliyevunjika kitu, namshukuru Mungu, maana ningelazimika kuandika sura ya hospitali na mimi damu siiwezi. Lakini barabara ilijaa magurudumu yanayozunguka hewani na watu wazima wanaokimbiza mayai.

Bwana Kesho alipita katikati yao. Si kwa ustadi. Alikuwa na mkono mmoja kwenye usukani, na mkono huo ulikuwa upande wa breki isiyofanya kazi, ile aliyokuwa ameahidi kuitengeneza kesho.

"Kesho!" ilimfuata sauti ya mwokaji. "Umetushona, Kesho!"

Angeweza kusimama mahali mteremko ulipolegea. Baiskeli ilipunguza mwendo yenyewe, kama inayomwuliza. Lakini alipotazama mbele aliona barabara tupu, pikipiki ya waamuzi, na mbali kidogo mgongo mmoja wenye namba inayopepea, mgongo wa nesi. Alikuwa wa pili. Katika siku nne hakuwahi kuona barabara ikiwa tupu kwa mbele. Siku zote aliiona tupu kwa nyuma. Watu walioketi kando ya barabara walimshangilia. Yeye akawapungia, yai mdomoni, akajifanya hamnazo.

Utukufu huo ulidumu hadi mwanzo wa mlima uliofuata.

Yai moja si chakula cha mtu anayepanda mlima. Alilitafuna na maganda yake kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, kisha tumbo likamwuliza kama ndiyo hayo tu. Miguu ikaanza kuwa ya mtu mwingine, mtu mzee na mgonjwa. Wenzake wakamfikia mmoja mmoja, wamechubuka, wamepakwa ndizi, wana njaa kama yeye lakini wana hasira, na hasira inapanda mlima vizuri. Kila aliyempita alikuwa na neno lake. Mmoja alimtajia mama yake mzazi. Mwingine alimwuliza duka lake hufunguliwa saa ngapi.

Fundi umeme naye akamfikia. Alimpita taratibu, rangi imemtoka, midomo mikavu, kisha akainama zaidi kwenye usukani ili Bwana Kesho aione vizuri ile namba, jinsi ilivyokaa. Iliumiza kuliko tusi.

Alipogeuka nyuma hakuna baiskeli aliyoiona. Aliona lori.

Lilikuja polepole, likakaa kando yake, na shemeji yake akatoa kiwiko dirishani. Shemeji ni mtu mpole, hajawahi kumkosea mtu. Ndiyo maana Bwana Kesho humwogopa.

"Shemeji, pole na kazi," alisema.

"Asante, shemeji."

"Dada kasema nisikulazimishe. Nami sikulazimishi. Naulizia tu hicho kiti. Kinashuka? Maana mimi miguu yangu mifupi kidogo."

Bwana Kesho alimjibu kwamba kinashuka, kuna skrubu chini yake. Alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa hata kudanganya. Shemeji akamshukuru, akamwonyesha kipande cha mkate wenye siagi, akamkumbusha kanuni ambayo wote waliijua: anayepokea kitu chochote kutoka kwenye lori amejitoa kwenye mbio. Aliuweka ule mkate kwenye dashibodi, upande wa dirisha, pale ambapo upepo ungeipeleka mbele harufu yake. Nyuma kulikuwa na benchi lenye mto. Mto ule, Bwana Kesho aliutambua, yeye ndiye aliyeushona, na upande mmoja ulikuwa haujafungwa.

Hapo, msomaji, nisiseme uongo. Alishuka. Aliweka mguu mmoja chini, kisha wa pili. Aliitazama baiskeli yake, ile aliyoiunga kipande kwa kipande, tairi la huku na mnyororo wa kule, kitu pekee maishani mwake alichokifikisha mahali kikaweza kusimama chenyewe. Machozi yakamjia. Alijiambia ni jasho, lakini jasho halitoki hapo.

"Usipande hilo gari," ilisema sauti kutoka upande wa pili wa lori. "Bado nina shida na wewe."

Mwokaji, aliyekuwa amefichwa na lori muda wote, alitokea akichechemea, anakokota baiskeli, goti limekwaruzika, kifua kimevimba namna ya ajabu. Alikuwa amechelewa kuliko wote kwa sababu moja ambayo mwokaji mwenzake ataielewa: alishindwa kuuacha mkate barabarani. Aliuokota, akaufuta vumbi kipande kwa kipande, akaujaza ndani ya fulana kwa mbele, na sasa hakuweza kuinamia usukani bila kuuponda.

"Fumua kwanza," alisema, akampa mgongo. "Kula baadaye."

Bwana Kesho hatembei bila wembe. Huwa ameuzungushia karatasi ndani ya soksi. Aliketi kwenye jiwe, mwokaji akapiga magoti mbele yake, na kazi ikaanza. Lori likasimama nyuma yao injini ikinguruma, kwa kuwa halina ruhusa ya kumpita mtu ambaye hajajitoa. Shemeji akazima injini, akawaomba wasiharakishe kwa ajili yake.

Mwokaji aliongea akiwa ameangalia upande mwingine. Alisema jana usiku alimwambia kila mtu darasani kwamba Bwana Kesho anaonewa bure, kwamba ni fundi wa kweli. Alisema asubuhi hii alijivunia kulala jirani naye.

"Mimi ni mjinga, ndugu yangu," alisema Bwana Kesho. "Nilifurahi kupita kiasi."

"Mjinga angeshona vibaya," alijibu mwokaji. "Fumua."

Uzi ulitoka mzima, na fundi akauzungusha kwenye kidole kwa mazoea ya kutotupa. Akafumua na mifuko yake mwenyewe, akijipinda kama anayejikuna. Wakala mkate wenye mchanga kidogo, mkate mtamu kuliko wote uliopata kuokwa, kisha wakatia uliobaki mifukoni, kila mmoja akiusukuma mkono ndani na kuutoa, ndani na kuutoa, kuhakikisha. Wakapanda baiskeli zao. Lori likawaka tena nyuma yao.

Walifika mwisho wa siku ile wakati kamba ya kufunga mstari imeshashikwa pande zote mbili na mama mwenye filimbi ameshaiweka filimbi mdomoni. Walipita chini ya kamba wameinamisha vichwa. Aliyewapigia makofi ni mtu mmoja, muuza soda, naye alikuwa anafunga mwavuli wake. Bwana Kesho alikuwa wa mwisho kabisa, maana hata mwenye homa alipata nafuu. Lakini alikuwa juu ya baiskeli, na imebaki siku moja.

Akainua kichwa kutafuta maji, akamwona mkewe.

Hakutakiwa kuwa pale. Alitakiwa kuwa nyumbani, akingoja kesho. Lakini aliposikia redioni kwamba kuna vurugu mlimani na fundi cherehani anatajwa, alifunga mlango akaja. Alikuwa amesimama pembeni mwa meza ya waamuzi, na mezani ilikuwa imetandazwa fulana ya fundi umeme, mgongo juu.

Mambo yalikuwa hivi. Fundi umeme aliishiwa nguvu kwa njaa, akapoteza uongozi. Aliyeuchukua, hata baada ya kuongezewa muda kwa namba yake kupepea, ni nesi, mtu pekee mwenye mifuko iliyofunguka, aliyekula mayai yake kwa starehe hadi mwisho. Na waamuzi walikuwa wameshajua kwamba nesi ni mteja wa Bwana Kesho. Kwao hesabu ilikuwa nyepesi: mteja na fundi wake wamepanga.

Nesi alikuwa anajitetea kwa jasho. Alisema angekula njama na mtu yeyote duniani isipokuwa huyu, na akaeleza habari ya suruali. Wapanda baiskeli, pamoja na hasira zao, walicheka. Mwokaji akadakia kwamba ndiyo hivyo, huyu bwana hawezi kupanga hila, hajawahi kupanga jambo likafika mwisho, mji mzima unajua.

Bwana Kesho alisikiliza watu wakimtetea namna hiyo na akatamani wangemshtaki.

Mwamuzi mkuu aliinua mkono. Alisema maneno ya marafiki hayatoshi, anataka mtu anayemjua mtuhumiwa ndani na nje. Akamgeukia mke wa Bwana Kesho.

"Mama, nakuuliza wewe. Mumeo ni mtu wa kukusudia jambo na kulimaliza?"

Unaona mtego, msomaji. Akisema hapana, mumewe ataonekana bwege asiye na hatia, na kesho atapanda baiskeli. Akisema ndiyo, mumewe ni fundi kamili, na ametolewa mbioni.

Mke aliinama mezani. Aliivuta fulana karibu. Akapitisha kidole juu ya mshono, pole pole, kutoka pembe hadi pembe, akaugeuza upande wa ndani, akautazama tena. Yeye ndiye aliyeishi na suti za mkono mmoja. Hakukuwa na uzi uliobaki ukining'inia. Hakukuwa na pahali palipoachwa.

"Hii," alisema, "ni kazi ya mtu aliyejua anachofanya, akaifanya hadi mwisho. Sijawahi kuona mshono mzuri kama huu."

Kisha akamtazama mumewe. Hakuwahi kumtazama hivyo tangu lile gauni lilipokatwa. Bwana Kesho aliyangoja maneno hayo miaka yote ya ndoa yake, na yamekuja siku hii, mezani kwa waamuzi, mbele ya shemeji aliyekwisha kushuka na bisibisi mkononi.

Kalamu ya mwamuzi ikaanza kuandika, kisha ikasimama. Mwamuzi huyo alikuwa mkali lakini mwenye haki. Alisema atamwuliza mtuhumiwa mwenyewe, mara moja tu, na atalichukua jibu lake kama lilivyo.

"Fundi. Ulikusudia kushona pale uliposhona, au ulikosea?"

Bwana Kesho aligeuka. Aliangalia baiskeli. Akaangalia uso wa mkewe, ambao bado ulikuwa unang'aa, na ambao neno moja tu, nilikosea, lingeuzima palepale. Mdomo ukafunguka kabla ya akili. Kikatoka kile ambacho kimetoka humo kila alipobanwa, tangu siku aliponunua cherehani.

"Njoo kesho," alisema Bwana Kesho.

Hakuna aliyecheka, hata nesi. Mwamuzi mkuu akafunika kalamu yake.

"Sawa," alisema. "Kesho, kabla sijapuliza filimbi ya kuanza, utanijibu mbele yake. Na mimi si mteja wako, fundi. Nikija, nakuja kuchukua."

Mkewe alikuwa ameshaacha kutabasamu. Nyuma yao, taratibu, bila kumkera mtu, shemeji alikuwa ameinama chini ya kiti cha baiskeli akiitafuta ile skrubu.